Mume wangu anataka mwanetu aitwe Ashley, kwetu Ashley ni msichana

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni Mkenya, nyumbani ni Voi, na huu ni mwaka wa sita naishi Uingereza. Nimeolewa na Mwingereza, mtu mpole, na wiki tatu zilizopita Mungu alitujalia kifungua mimba, mtoto wa kiume. Mtoto ananyonya vizuri na kidonda changu cha upasuaji kinapona. Lakini nyumbani hatuna raha, na chanzo ni jina.

Baba mkwe wangu alifariki mwaka jana, kabla sijashika mimba. Aliitwa Ashley. Alikuwa mzee mwema kwangu. Nilipofika huku sijui lolote, ndiye aliyeketi kando yangu garini Jumapili baada ya Jumapili hadi nikapata leseni, wala sikuwahi kusikia kwake neno la kunidharau. Mume wangu ni mwanawe wa pekee. Madaktari walipomwinua mtoto wakasema ni mvulana, mume wangu alilia, kisha akasema, "Karibu, Ashley." Hakuniuliza. Mimi nilinyamaza kwa uchovu, naye akadhani nimekubali. Tangu siku hiyo ndivyo anavyomwita.

Shangazi, kwetu Ashley ni jina la kike. Dada yangu mkubwa ana binti wa miaka tisa huko Mombasa, naye ni Ashley. Nilipotaja jina kwenye kundi letu la WhatsApp, kaka zangu walicheka wakauliza kama tumezaa msichana tukawaficha. Mmoja akaongeza kwamba "ash" ni majivu, je, tunamwita mtoto majivu? Mama yangu hakucheka. Alinipigia usiku akasema jina hilo halimo kwenye Biblia, na kwamba siku zote alijua mvulana wangu wa kwanza atabeba jina la baba yangu, aliyetutoka nikiwa darasa la saba. Akasema, "Uliolewa mbali nikakubali. Sasa hata jina la baba yako likapotelee huko?" Tangu usiku huo silali vizuri, hata mtoto anapolala.

Mume wangu anasema kwao Ashley ni jina la kiume tangu zamani, nikitaka ushahidi nimtazame Ashley Cole, yule mwanasoka. Anasema baba yake alipewa jina hilo kwa sababu lilikuwa jina la ukoo wa mama yake, yaani nyanya wa mume wangu, kabla hajaolewa. Sielewi jina la ukoo linageukaje kuwa jina la kwanza. Tena kuna mwenzangu kazini, Mwingereza wa rika langu, aliyeniambia alisoma na kina Ashley watatu darasa moja, wasichana wawili na mvulana mmoja. Kwa hiyo naona kama mume wangu ananificha nusu ya habari.

Nimewaza njia tatu. Ya kwanza ni kuliandika Ashleigh, nililiona hivyo mtandaoni nikalipenda, na litatofautiana na la mpwa wangu. Ya pili ni kukubali sasa, kisha tubadilishe uchungu wa mume wangu ukipoa. Ya tatu naona haya kuitaja: nimeambiwa kwamba sheria ya huku inamruhusu mama mwenye ndoa kwenda kumsajili mtoto peke yake, na mume wangu amesharudi kazini. Muda wa kusajili ni siku 42, na nusu yake imeshapita.

Tunatarajia kwenda Kenya Desemba, na miaka ijayo huenda tukarudi kuishi. Sitaki mwanangu achekwe. Sitaki kumuumiza mume wangu juu ya msiba wake. Na sitaki mama aone nimemsahau baba. Nisaidie.

Mama wa Mvulana, Midlands, Uingereza

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama. Kidonda hakijakauka, usingizi hutoshi, na pande zote mbili za familia zinakudai jibu moja. Huo ni mzigo hata kwa mtu aliyelala usiku kucha.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na naona ndani yake maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Moja ni kama Ashley ni jina la mvulana. Hilo lina historia inayojulikana, nami nitakueleza. Jingine ni yupi kati ya mababu wawili marehemu atakayebebwa na mtoto huyu, na hilo, kwa ninavyosoma, wewe na mume wako bado hamjalizungumza. Mnabishana juu ya la kwanza kwa sababu la pili linauma.

Nianze na hilo la majivu, maana ni jepesi. Kaka yako amekosea. Ashley ni jina la mahali kabla ya kuwa jina la mtu, na limetoka katika Kiingereza cha kale: æsc, ambao ni mti, na lēah, uwazi uliofyekwa ndani ya msitu. Mti wenyewe, ambao Waingereza wa leo huuita ash, una mbao ngumu zinazopinda kidogo badala ya kukatika. Ndiyo maana tangu zamani wameuchongea mipini ya mashoka na nyundo, makasia, na mikuki. Washairi wao wa kale waliposema æsc mara nyingi walimaanisha mkuki. Neno lao la majivu lina asili nyingine kabisa, na yamekuja kufanana kwa sauti tu. Vijiji viitwavyo Ashley viko hadi leo Cheshire, Hampshire, na Cambridgeshire karibu na mji wa Newmarket. Mtu aliyehama kijiji kama hicho aliitwa kwa jina la alikotoka, na wanawe wakalirithi kama jina la ukoo.

Sasa uliuliza jina la ukoo linageukaje kuwa jina la kwanza. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hili linakuhusu wewe na mama yako kuliko mnavyodhani.

Waingereza, hasa wa koo zilizokuwa na mali, walikuwa na desturi hii: binti akiolewa hupoteza jina la kwao, kwa hiyo jina hilo hupewa mmoja wa wanawe kama jina lake la kwanza au la pili, lisipotee. Mfano maarufu kuliko yote ni wa jina hilihili. Mwaka 1621, huko Dorset, Anne, binti wa Sir Anthony Ashley, alijifungua mvulana kwa mume wake aliyeitwa Cooper. Mtoto akaitwa Anthony Ashley Cooper, akabeba majina yote mawili ya babu mzaa mama. Alikuja kuwa mwanasiasa mkubwa, Earl (cheo cha kikabaila) wa kwanza wa Shaftesbury, na mito ya Ashley na Cooper inayopita mji wa Charleston huko South Carolina, Marekani, imeitwa kwa jina lake. Mjukuu wa ukoo huo, Earl wa saba, alijulikana kama Lord Ashley hadi 1851. Ndiye aliyesimamia bungeni sheria ya 1842 iliyokataza wanawake, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi ndani ya migodi. Katika karne hiyo ya 19 Waingereza wengine wakaanza kuwaita wavulana wao Ashley, hata wasio wa ukoo huo.

Rudi sasa kwa nyanya wa mume wako. Alizaliwa katika ukoo wa Ashley, akaolewa, jina la baba yake likafutika kwenye karatasi zake, naye akamwita mwanawe Ashley. Yaani jina linalokugombanisha na mama yako liliingia katika ukoo wa mume wako kupitia mwanamke aliyeolewa ambaye hakutaka jina la kwao lipotee. Mama yako amekuambia nini usiku ule? Nadhani angekaa na bibi huyo wangeelewana mapema sana. Sikwambii haya ili ukubali jina. Nakwambia kwa sababu mume wako anaujua uchungu wa mama yako bila kujua kwamba anaujua, na huenda hujampa nafasi ya kuuona.

Tuje kwenye jinsia ya jina. Umeshuku kwamba mume wako anakuficha nusu ya habari. Nakuomba umpunguzie tuhuma hiyo. Yeye, mwenzako wa kazini, na kaka zako wote wanasema kweli, kila mmoja kwa mahali na wakati wake.

Nchini Marekani Ashley lilikuwa la wanaume, na wengi walilijua kupitia Ashley Wilkes, mwanamume katika filamu ya Gone with the Wind ya mwaka 1939. Tokea miaka ya 1960 wazazi wa huko wakaanza kuwapa wasichana. Mwaka 1982 tamthilia ya televisheni The Young and the Restless ikaleta mhusika wa kike, Ashley Abbott, mwanakemia mrembo na msomi, na jina likapanda kwa kasi hadi likawa la kwanza kwa wasichana wa Marekani mwaka 1991 na tena 1992. Upande wa wavulana likaporomoka. Hivyo ndivyo inavyokwenda karibu kila mara: wasichana wakishakuwa wengi katika jina, wazazi wa wavulana huliogopa na kuliacha, na ni nadra lirudi. Shirley lilikuwa la kiume hadi Charlotte Brontë alipompa mhusika wake wa kike katika riwaya ya mwaka 1849. Beverley na Leslie yalifuata njia hiyo. Evelyn pia: gavana wa Uingereza aliyetangaza hali ya hatari nchini Kenya Oktoba 1952, Sir Evelyn Baring, alikuwa mwanamume, wakati leo kina Evelyn unaowajua ni mashangazi na walimu wa kike.

Uingereza kwenyewe haikwenda kwa mwendo wa Marekani. Huko Ashley lilibaki kwa wavulana na likaongezeka kwa wasichana kwa wakati mmoja, hasa miaka ya 1980 na 1990. Ashley Cole alizaliwa 1980, Ashley Williams aliyekuwa nahodha wa Wales 1984, Ashley Young 1985. Darasa la mwenzako lenye wasichana wawili na mvulana mmoja ni darasa la kawaida kabisa la miaka hiyo.

Kenya nasi tulilipokea hasa kutoka Marekani, kupitia runinga. Waliokua na vipindi vya miaka ya 1990 walimjua Ashley Banks wa The Fresh Prince of Bel-Air, na mapacha Mary-Kate na Ashley Olsen. Wote wasichana. Kwa hiyo mpwa wako na baba mkwe wako wana jina moja lililopita njia mbili. Na Kenya nayo ina kaida zake: Hilary, ambalo dunia nzima sasa inalisikia kama la kike kwa sababu ya Hillary Clinton, kwetu bado ni la wanaume bila mtu kushangaa, kuanzia Hilary Ng'weno aliyeanzisha The Weekly Review mwaka 1975 hadi wakimbiaji wetu wa leo. Jina Hilary likivuka mpaka linachekwa, likirudi nyumbani halichekwi.

Je, mwanao atachekwa? Tugawanye swali hilo, kwa sababu kicheko cha wajomba kwenye WhatsApp siku ya habari ni kitu kimoja, na kicheko cha wanafunzi wenzake ni kingine.

Akikulia Uingereza, sioni hatari kubwa. Jina limeshuka kwa wavulana na wasichana na halimo tena katika mia ya kwanza, kwa hiyo pengine atakuwa peke yake darasani. Watu wakilisikia watadhani ni la mtu wa miaka thelathini au arobaini na kitu, kabla ya kuwaza ni la msichana. Mwalimu anaweza kukosea siku ya kwanza akisoma orodha, atasahihishwa yaishe. Tena watoto wa huko watalifupisha kuwa Ash, na Ash wanayemjua wote ni Ash Ketchum wa katuni za Pokémon, mvulana.

Mkirudi Kenya hali ni tofauti, na sitaki kukudanganya. Akiingia shule Voi au Nairobi akiwa na miaka saba au kumi na mbili, atajieleza mara nyingi. Watoto wa umri huo hawana huruma. Wapo wanaoyapita hayo kwa wepesi na wapo yanaowakaa, na tabia ya mwanao bado hamuijui. Pia kuna karatasi. Jina likitangulia mtu, karani atajaza mwanamke: kwenye fomu, kwenye miadi, kwenye tiketi. Tiketi ndiyo ya kuangalia zaidi. Wakala akikata tiketi ya Desemba kwa simu, anaweza kuweka Miss badala ya Mstr, ambayo ndiyo alama ya mtoto wa kiume. Jinsia ya tiketi isipolingana na ya pasipoti mnaweza kusimamishwa wakati wa kuingia mkasahihishiwe. Ni kero ndogo ikionekana mapema, kubwa ikionekana uwanja wa ndege na mtoto analia. Kwa jina hili mtakuwa mkihakiki kila tiketi.

Swali langu kwako ni hili: kurudi Kenya ni mpango au ni tamanio? Jibu lenu linabadilisha uzito wa hofu yako, na ni wewe na mume wako tu mnaolijua.

Sasa njia zako tatu.

Ashleigh. Hii nakuomba uiweke kando hata kama mtachagua Ashley. Nchini Uingereza tahajia hiyo ndiyo waliyoipa wasichana, kusudi kuwatofautisha na wavulana. Mcheza tenisi mstaafu Ash Barty, bingwa wa Wimbledon 2021, ni Ashleigh. Wewe unataka kupunguza utata, tahajia hiyo itauongeza palepale ambapo jina lilikuwa na nafuu. Zaidi ya hapo, baba mkwe wako hakuandika hivyo, na mume wako atakapoona umebadilisha herufi za jina la baba yake sidhani atauona urembo uliouona wewe.

Kukubali sasa, kubadilisha baadaye. Sheria ya Uingereza na Wales inatoa mwanya, lakini ni mwembamba. Ndani ya miezi 12 tangu siku ya usajili mnaweza kubadilisha au kuongeza jina la kwanza, mara moja tu, kwa fomu ya ofisi ya usajili au kwa cheti cha ubatizo. Jina la ukoo haliguswi kwa njia hiyo. Jina la mwanzo halifutwi: linabaki kwenye daftari, na jipya linaandikwa katika nafasi yake, kwa hiyo cheti kitaonyesha yote mawili. Miezi 12 ikipita inabaki hati ya kubadili jina, ile waiitayo deed poll, na kwa mtoto inahitaji ridhaa ya kila mwenye mamlaka ya mzazi, akiwemo baba. Cheti cha kuzaliwa hakibadiliki hata hapo. Pasipoti iliyotolewa itabidi ifanywe upya.

Hayo ni ya ofisini. La nyumbani ni kwamba mume wako atakuwa amemwita mwanawe kwa jina la baba yake mwaka mzima, nawe umenyamaza mwaka mzima ukisubiri. Unaamini uchungu wake utakuwa umepoa. Je, ukiwa umeota mizizi katika jina lenyewe?

Kumsajili peke yako. Umeambiwa kweli: wazazi wakiwa na ndoa, mmoja wao anaweza kusajili bila mwenzake. Hukukosea kuona haya, ila wala sikuhukumu. Mtu aliyefungiwa njia huangalia hata dirisha. Fikiria tu kinachofuata. Siku utakayoleta cheti nyumbani, mazungumzo hayatahusu tena Ashley wala baba yako. Yatahusu kilichofanyika yeye akiwa kazini. Na ndani ya miezi ile 12 atadai jina libadilishwe, kwa hiyo hata ulichokipata hakitakuwa kimetulia. Pia ujue kwamba mlango huo uko wazi kwake vilevile. Kama anaona muda unayoyoma na wewe hujasema lolote, naye anaweza kwenda.

Kuna mambo ambayo hukuyataja, nami nayaweka mbele yako uyapime. Barua yako inazungumza kana kwamba mtoto ana nafasi moja ya jina. Cheti cha Uingereza hakina idadi hiyo. Majina yote kabla ya la ukoo huandikwa kwenye nafasi moja, na sheria haitofautishi la kwanza na la kati. Basi mababu wawili wanaweza kukaa pamoja. Kinachobaki ni mpangilio, na hapo kila upande una masikio yake.

Ashley likitangulia na jina la baba yako likafuata, mume wako atapata alichotaka. Na kwa Mkenya jina la kati si jina dogo: kwenye kitambulisho na vyeti vya shule ndilo mara nyingi linalobeba ukoo, na watu huliita. Mama yako anaweza kumwita mjukuu kwa jina la mumewe kila siku ya maisha yake. Lakini utakuwa na Ashley wawili katika familia moja, na utata wa Kenya tuliouzungumzia utabaki.

Jina la baba yako likitangulia na Ashley likafuata, utata huo karibu wote unaondoka. Waingereza wengi huwaenzi marehemu wao katika jina la kati, kwa hiyo kwa mume wako si jambo geni. Ila jina la kati la Kiingereza ni nadra kutamkwa. Ataliona kwenye cheti, hatalisikia mezani. Kama anachohitaji ni kulisikia, mpangilio huo utamuacha na njaa. Halafu muulize kwa upole kama analitamka jina la baba yako bila tabu, na jamaa zake je. Jina linaloharibiwa kila siku nalo huchosha.

Wapo wanaotanguliza jina la tatu, la mtoto mwenyewe, na mababu wote wakafuata. Hakuna anayeshinda. Hatari yake ni kwamba pande zote mbili zinaweza kuona zimenyimwa. Na mkichagua kumwita kwa jina lisilotangulia kwenye cheti, iwe Ashley au la baba yako, jiandaeni: hospitali na mashirika ya ndege watamwita kwa la kwanza. Shule za huko huwa na nafasi ya kuandika jina ambalo mtoto hupenda kuitwa, ijazeni tangu mwanzo.

Chochote mtakachochagua, kiwe kilekile kila mahali. Kwa ibara ya 14 ya Katiba ya Kenya ya 2010 mwanao ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa, kwa sababu wewe ni Mkenya, hata kama amezaliwa nje. Mkimchukulia pasipoti mbili, ofisi ya pasipoti ya Uingereza hudai majina yalingane. Msije mkamweka jina moja London na jingine Nairobi mkidhani mmewaridhisha wote.

Kuhusu mama. Hoja ya Biblia usiipuuze, ila mkumbushe kwa heshima kwamba Stanley, Edwin, Alfred na Mildred hayamo kwenye Biblia nayo, na makanisa yetu yamejaa wazee wenye majina hayo. Ni ya Kiingereza cha kale kama Ashley. Stanley limejengwa vilevile kabisa, uwazi wa msituni wenye mawe. Lakini nadhani Biblia si kinachomuuma. Muulize anachotaka hasa: jina la baba litangulie kwenye karatasi, au aweze kumwita mjukuu wake hivyo? Ni mambo mawili, na huenda hajawahi kuulizwa. Dada yako naye apigiwe simu yake mwenyewe, nje ya kundi, aseme anaonaje binti yake kuwa na mwenzake wa jina. Kundi la WhatsApp lisijue lolote zaidi hadi mmeshaamua.

Na mume wako. Katika barua yako yote sikuona mahali uliposema kwamba umemweleza maneno ya mama yako, wala kwamba baba yako alifariki ukiwa darasa la saba na hakuna aliyebeba jina lake. Umembishia kwamba jina ni la kike. Hilo analo jibu lake, Ashley Cole. La baba yako hana jibu kwa sababu hajaulizwa. Mkipata saa moja mtoto amelala, usianze na jina. Anza na mzee aliyeketi kando yako garini, kwa sababu nawe umefiwa naye na mume wako huenda hajui kiasi gani. Kisha mwombe akusimulie habari za nyanya yake na jina la kwao. Halafu mpe habari za baba yako, kwa urefu uleule.

Msipofika mwisho kabla ya siku 42, piga simu ofisi ya usajili ya wilaya aliyozaliwa mtoto mapema, uwaeleze na uombe miadi. Usikae kimya mpaka wakuandikie barua. Sheria inaruhusu hata kusajili na kuacha jina la kwanza wazi, lijazwe ndani ya ile miezi 12, ila bila jina hakuna pasipoti, na Desemba itakuwa imekwenda. Mkienda, nendeni wote wawili. Afisa atawaonyesha maandishi kabla ya kutia sahihi: someni herufi kwa herufi, Ashley kwa e na y kama ndilo, na jina la baba yako kama alivyoliandika mwenyewe, kwa maana kosa likishatiwa sahihi kulirekebisha ni maombi na ushahidi. Ombeni cheti kirefu chenye habari za wazazi wote wawili, ndicho kinachohitajika kwa pasipoti zote mbili.